Kundi la Chini

Miaka ile ya kuhamia vijijini mimi nilikuwa bwana nyuki mjini Tabora. Watu walikuwa wakitolewa kwenye makazi yao yaliyotawanyika porini na kuwekwa pamoja, na kila kijiji kipya kilipopimwa, ofisi ya misitu ilimtuma mtu kwenda kuangalia mizinga ya wenyeji iko wapi, na kama mwenyewe ataweza kuifikia akishahama. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilipewa baiskeli, lakini msitu wa miyombo ukishakolea baiskeli hugeuka mzigo, kwa hiyo mara nyingi niliiacha kwa mtu na kuendelea kwa miguu, nikilala kwa warina asali na kula walichokula. Nikirudi nyumbani Isevya, mke wangu alikuwa akinitazama nyayo kwanza, uso baadaye.

Ndipo nikachaguliwa kwenda kusoma India. Yalikuwa mafunzo ya misitu ya karibu mwaka mzima, kaskazini kabisa ya nchi ile, chini ya milima ya Himalaya. Mkuu wangu wa kazi aliniita ofisini, akanipa mkono, akanisomea maelezo yaliyokuja pamoja na barua. Karibu na mwisho wa maelezo hayo kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Wanafunzi wote wangepelekwa milimani kwa miguu kuona misitu ya huko, na kila mmoja alitakiwa achague mapema kundi la kwenda nalo, kwa kadiri ya uzoefu wake, ili makoti na wapagazi viandaliwe. Kundi la kwanza lingepita mabondeni na misituni, likilala kwenye nyumba za wageni za idara, na lisingevuka pale miti inapokoma. La pili lingepanda zaidi na kuvukia upande wa pili kupitia uwazi kati ya vilele, mahali penye theluji ya kukanyaga. La tatu lingelala kwenye mahema na kwenda mpaka ukingoni mwa barafu isiyoyeyuka mwaka mzima.

Mkuu alipofika kwenye kundi la tatu aliinua macho. "La kwako ni hili," alisema. Wenzangu wawili waliokuwa mlangoni wakacheka kwa kuridhika. Mnyamwezi aulizwe kama anaweza kutembea? Na kila mtu pale ofisini alijua kwamba babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka pwani kabla reli haijafika. Baba yangu, fundi seremala, alikuwa hachoki kulisimulia jambo hilo kwa kila mteja aliyeingia karakanani kwake.

Nami sikukataa. Nilitoka ofisini nikiwa tayari nimefika kwenye barafu. Wiki haikwisha, katibu wa tawi la chama akalitangaza jambo hilo kwenye mkutano: kijana wetu wa Isevya atapanda milima mirefu kuliko yote duniani. Watu wakapiga makofi. Mjomba wangu, aliyekuwa mlinzi wa reli, akaniletea kabuti lake la zamani la jeshi, zito, linanuka dawa ya nondo, akasema nikalivae huko juu nimkumbuke. Mke wangu alikuwa mjamzito, tuna binti mmoja mdogo na wa pili njiani. Alinisaidia kulianika kabuti lile juani. Hakusema lolote kuhusu mlima, na kwa kuwa yeye ni mtu wa kusema, nilipaswa kulitilia maanani.

Kulikuwa na mwalimu Mhindi aliyekuwa akifundisha fizikia katika shule moja ya sekondari hapo mjini, mkataba wake ukielekea ukingoni. Alikuwa amemwagiza baba kabati la vitabu la mninga, na kila jioni alipita kuliangalia, si kwa kumharakisha fundi, bali kwa sababu alipenda kukaa kwenye benchi na kunusa maranda. Kiswahili alikuwa amejifunzia hapa hapa Tabora na alikisema polepole, kila neno akilikamilisha. Baba alimweleza safari yangu kama alivyowaeleza wote, akamalizia na lile la kundi la tatu.

Mwalimu hakupiga makofi. Aliniuliza kama nimewahi kulala mahali palipo juu sana kuliko Tabora. Nikafikiri. Nilikuwa nimefika Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam, kote huko ni sawa na hapa au chini yake. Chuo changu cha misitu kilikuwa kaskazini, chini ya mlima, lakini mlima wenyewe niliutazama tu dirishani. Nikamwambia sijawahi. Akaniuliza kama nimewahi kutembea huku kichwa kinauma na tumbo linakataa chakula. Nikasema ndiyo, kwa malaria.

"Malaria una dawa yake mfukoni," alisema. "Ile ya mlimani dawa yake ni moja, kushuka. Na ukiwa kundi la tatu, kushuka ni mbali."

Kisha akanieleza kwao. Alizaliwa katika mji mdogo wa milimani, kwenye njia ya mahujaji wanaokwenda kusali kwenye mahekalu yaliyo juu karibu na theluji. Alipokuwa mdogo mahujaji walitembea kutoka bonde la chini kabisa, wazee na vikongwe na fimbo zao, wakipumzika kila mahali, wakalala hapa, wakalala pale, na wengi walifika na kurudi. Barabara ilipojengwa wakaanza kuja vijana wenye nguvu kutoka mijini, wanashuka kwenye basi asubuhi na kupanda mbio. Hao ndio waliokuwa wakirudishwa wamebebwa. Kifua kinajaa maji, au mtu anaanza kuongea ovyo kama mlevi. Hewa ya juu ni haba, alisema, na mwili unahitaji siku nyingi kuizoea, na hauna habari kwamba wewe ni hodari. Nguvu za miguu ni kitu kimoja na kimo ni kitu kingine. Mtu asiyewahi kulala juu hajui mwili wake ni wa namna gani, kwa hiyo safari ya kwanza ni ya kuujua, na ya kuujulia ni ile ambayo ukiugua jioni, asubuhi unaweza kushuka mwenyewe.

Nilimshukuru, lakini moyoni nilikasirika. Niliona ananipima kwa vijana wake wa mabasi. Baba naye, mwalimu alipoondoka, alipiga randa kwa nguvu kuliko kawaida na kusema kwamba Mhindi yule hajawahi kumwona mtu akitembea kutoka hapa hadi Nzega kwa siku mbili. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo, tena na mzigo, nilipokwenda kukagua mizinga upande wa Lusu. Tukakubaliana, baba na mimi, kwamba mwalimu ni mtu mwema lakini hajui sisi ni watu gani.

Wiki ya mwisho nilikwenda Kwihara kumuaga bibi. Alikuwa mke mdogo wa babu, kikongwe sasa, anakaa na shangazi yangu kwenye shamba la karanga, mbali kidogo na lile tembe la kale ambalo wageni huja kulitazama. Nilipanda baiskeli asubuhi mapema. Ninakiri nilikuwa na jambo langu: nilitaka anisimulie babu upya, ili niende na maneno yake. Nilimkuta amekaa kwenye ngozi, anabangua karanga na kuzitupia kwenye ungo bila kuzitazama. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanigeuzia Kinyamwezi, maana Kiswahili chake kiliishia hapo, na kuniuliza kama mume wake ameleta sukari. Ndivyo alivyoniita siku zote, mume wangu, kwa utani wa bibi na mjukuu. Sukari ilikuwa adimu miezi ile, lakini nilikuwa nimeleta kidogo, na asali chupa moja.

Nikamweleza ninakokwenda. Milima alijua ni nini, ingawa hakuwahi kuuona mmoja mkubwa. Barafu nililazimika kuieleza, nikasema ni maji yaliyokuwa mawe kwa baridi, akasema huo ni uongo lakini niendelee. Nilipofika kwenye makundi matatu na lile nililochagua, nikasema: kama babu, bibi. Nakwenda kama babu alivyokwenda pwani.

Akaniuliza ni safari yangu ya ngapi huko milimani. Nikasema ya kwanza.

"Babu yako safari ya kwanza alibeba mikeka," akasema, na kuendelea na karanga.

Sikuelewa. Nikamwambia mimi najua alibeba pembe. Akanitazama kama mtu anayeambiwa habari za nyumba yake na mpita njia. Alibeba pembe, ndiyo, akasema, baadaye. Safari ya kwanza alibeba mikeka na masufuria ya mwenye msafara, na hakwenda pwani. Aliishia Ugogo na kurudi na msafara mwingine. Ya pili alibeba nguo, akafika pwani lakini akarudi amevimba miguu. Hata ya tatu hakuwa na pembe. Wapagazi wakubwa hawakumruhusu, na yeye mwenyewe hakutaka. Kati ya hapa na Ugogo kuna nyika ya Mgunda Mkali, haikuwa na maji kwa mwendo wa siku nyingi, na mtu aliyeanguka huko na mzigo mkubwa hakuna aliyeweza kumbebea mzigo wala kumbeba yeye mwenyewe. Basi walikuwa wakimjaribu mtu kwa mzigo mdogo kwanza, mpaka yeye na wao wajue anaishia wapi.

Kisha akanisimulia jambo ambalo baba hakuwahi kulisimulia karakanani. Mwaka mmoja babu aliitwa kwenye msafara mkubwa, wa haraka, wenye malipo mazuri kuliko mingine, akakataa. Tajiri alitaka kupita Mgunda Mkali kabla ya mvua, kwa mwendo ambao babu alisema haujui. Vijana wenzake wakamcheka hapa Kwihara, wakamwita mwanamke. Alibaki akalima. Msafara ule ulipata kiu, na katika waliomcheka, baadhi hawakuonekana tena. Bibi hakusema hilo kwa kunifundisha. Alilisema kwa hasira, kana kwamba waliomcheka mumewe wangali pale uani, na alipomaliza aliniuliza kama nimekula.

Nilikula. Kisha nikaondoka na kapu la michembe, viazi vilivyokaushwa, alivyosisitiza nivipeleke India kwa sababu hajui huko watu wanakula nini. Njiani nilishuka kwenye baiskeli nikaikokota. Ile ni sehemu ya njia ileile waliyopita wapagazi, mchanga mwekundu na miembe pembeni, na sikuwahi kuipita bila kuwafikiria wakiwa wamenyooka, pembe mabegani, wanaimba. Sasa nilimfikiria mmoja wao na mikeka. Nilijua kwamba yule mwalimu Mhindi na bibi yangu, ambao hawakuwahi kuonana wala wasingeweza kuelewana kwa lugha yoyote, walikuwa wameniambia jambo moja, na kwamba nilikuwa nimelielewa tangu pale kwenye benchi. Nilichokuwa nikikisubiri ni mtu wa kuniruhusu.

Nyumbani nilimkuta mke wangu akipiga pasi sare ya binti yetu. Nikakaa kizingitini nikamwambia nitachagua kundi la chini. Nilijiandaa kueleza, nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Aliiweka pasi juu ya jiwe lake, akaketi kwenye kitanda, akaanza kucheka, na baada ya kucheka akalia kidogo, na baada ya hapo akarudi kwenye pasi.

"Kabuti mrudishie mjomba," alisema. "Litakuua kabla ya mlima."

Usiku ule nililala kama mtu aliyetua mzigo mlangoni. Asubuhi ilinibidi kwenda kwa mkuu. Alikuwa bado hajapeleka jibu, lakini alikuwa ameshasema kwa wakubwa wake kuwa Tabora inatoa mtu wa kundi la tatu. Alinisikiliza, akaniuliza watu watasema nini. Kuna mwenzangu mmoja tu wa nchi yetu katika mafunzo hayo, mtu wa Lushoto, na yeye amechagua la juu. Je, Tabora ikae chini? Nikamjibu kwamba mtu wa Lushoto amezaliwa milimani na mimi sijawahi kulala kwenye kilima. Hakufurahi. Lakini alikuwa mtu wa haki, akaandika nilivyosema, na alipomaliza akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni kweli watu huugua kwa sababu ya hewa tu.

Kule India niliyakuta mengi ambayo si ya hapa. Nikumbuke tu kwamba yule mwenzangu wa Lushoto tulikaa chumba kimoja, na alikuwa mtu wa kupendeza, mcheshi, mwepesi wa masomo kuliko mimi. Alizoea kunitania kuhusu nchi tambarare. Alisema watu wa Tabora wakipanda ngazi wanahitaji ramani. Utotoni mwake alikuwa akipanda na kushuka miteremko ya Usambara na mzigo wa kabichi kichwani, na alisema milima haimtishi kwa sababu amenyonya nayo. Nilimweleza maneno ya mwalimu wa fizikia. Alinisikiliza kwa adabu, akasema Wahindi wanaipenda milima yao na hilo ni jambo jema.

Siku za safari zilipofika, makundi yote yalipanda pamoja magari mpaka mwisho wa barabara, kisha tukaachana. Sisi wa kundi la chini tulikuwa wachache na wengi wetu wa umri mkubwa. Kiongozi wetu alikuwa ofisa wa misitu mnene, mwenye mwavuli, aliyetembea polepole mpaka nikaona aibu. Kila alipoona mti alisimama kuutazama. Lakini siku ya pili nilianza kuufurahia ule mwendo. Tulipita katika misitu ya miti ambayo sikuwahi kuiota, mirefu kama nguzo za msikiti, na mingine imejaa maua mekundu mti mzima, ardhi chini yake nyekundu pia. Na katika kijiji kimoja niliona nyuki wakiingia na kutoka kwenye tundu dogo la ukuta wa nyumba. Wenyeji walikuwa wamejenga mizinga ndani ya kuta za mawe, mlango wa nyuki nje, na mlango wa kurinia ndani ya chumba cha kulala. Mwanamke mmoja alitufungulia kibao cha ndani akatuonyesha masega yakiwa yamening'inia karibu na kitanda cha watoto wake. Nilikaa pale mpaka ofisa mwenye mwavuli akaja kunisubiri, na hakuniharakisha. Kama ningekuwa kundi la tatu, kijiji kile ningekipita mbio, nikihema.

Tulipofika mahali petu pa juu kabisa, miti ilikuwa mifupi imepinda, na mbele yetu vilele vyeupe vimejipanga kama nguo zilizoanikwa. Nilivitazama nikapata furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Jioni ile kichwa kikaanza kugonga. Chai haikushuka. Nilipopanda ngazi chache za nyumba ya wageni, moyo ulinienda mbio kama wa mwizi, mimi niliyezoea kutembea mchana kutwa bila kuketi. Nikaogopa. Ofisa alinitazama macho, akaniuliza maswali machache, akasema kesho hatuendi popote, tunakaa. Na kama kesho nitakuwa vilevile, ninashuka na mtu mmoja mpaka kijiji cha nyuki, ni mwendo wa asubuhi moja. Alisema hivyo kama mtu anayesema habari za mvua. Hofu ilinitoka. Nililala, nikaamka na kichwa chepesi, na kufikia mchana nilikula wali wao wote na michembe ya bibi iliyobaki, ambayo ofisa aliionja na kuisifu kuliko ilivyostahili.

Tulikuwa tumerudi chini, kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na barabara, tukisubiri makundi mengine, tulipoona watu wanashuka mteremko asubuhi. Wapagazi wawili walikuwa mbele. Mmoja alikuwa na mtu mgongoni, amekalishwa kwenye kapu lililofungwa kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso la mbebaji. Nilitazama ile miguu inayoning'inia, viatu vikubwa vinavyogongana, nikavijua viatu kabla sijauona uso.

Midomo ya mwenzangu wa Lushoto ilikuwa ya buluu na alikuwa akikohoa kwa sauti ya maji. Alinitambua, akajaribu kunitania, hakuweza. Daktari wa kundi lao, aliyeshuka pamoja naye, alisema tayari amepata nafuu kubwa kwa kushushwa, na kwamba kwenye mahema ya juu hali ilikuwa mbaya mno. Alikuwa ameficha kuumwa siku mbili kwa sababu hakutaka kuwachelewesha wenzake. Nilikaa naye. Nilimshika mkono nikimhesabia pumzi kimyakimya, nikimwomba Mungu kwa kila moja. Saa baada ya saa zile pumzi zilirefuka. Jioni aliomba supu. Kesho yake rangi ikarudi usoni, na siku iliyofuata akaketi nje juani na blanketi, akitazama kule juu alikotoka.

"Nilidhani nimezaliwa na milima," akaniambia. "Kumbe nilizaliwa na vilima."

Tukacheka wote wawili mpaka akaanza kukohoa tena na daktari akatukemea. Yule bwana alipona kabisa. Alimaliza mafunzo kwa alama za juu kuliko zangu, na miaka mingi baadaye tulikuwa bado tukiandikiana.

Habari hiyo ilisafiri nyumbani bila mimi kujua, na nilichokuja kukisikia kilitoka kinywani mwa mke wangu. Wizara ilipata taarifa kwamba mwanafunzi wetu mmoja ameugua sana mlimani. Taarifa ikapigwa kwa simu kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani, na simu za siku hizo zilikuwa za kelele. Ilipofika Tabora ilikuwa na maneno "mwanafunzi wetu", "ameugua" na "mlimani, kwenye barafu" tu. Mkuu wangu wa kazi alitoka ofisini na wenzangu wawili wakaja Isevya, nyuso zimewashuka. Baba aliacha randa akawafuata nyuma. Mke wangu alikuwa amejifungua siku chache nyuma, mtoto wa kiume, yuko ndani na mama yake mzazi. Wakamkaribia kwa zile sauti za watu wanaobeba habari mbaya, wakamwambia awe na moyo wa subira.

Akawauliza aliyeugua alikuwa kundi lipi. Mkuu akasema nadhani la juu kabisa, simu ilisema kwenye barafu.

"Basi si mume wangu," akasema. "Wangu yuko chini."

Walidhani uzazi na mshtuko vimemchanganya. Baba alikaa kitako uani akajishika kichwa. Mke wangu alilazimika kuwaeleza mara ya pili, kwa utulivu, kwamba nilimwambia mwenyewe kizingitini, na kwamba mkuu mwenyewe ndiye aliyeandika jibu. Ndipo mkuu akakumbuka. Alisimama pale, anasimulia mke wangu, akatoa leso, akajifuta uso mzima, akaomba maji ya kunywa, na alipoyamaliza akaomba mengine. Kisha akauliza kama anaweza kumwona mtoto. Siku iliyofuata alipiga simu Dar es Salaam kuulizia hali ya yule mtu wa Lushoto, na hakuacha kupiga mpaka alipohakikishiwa kuwa anakula.

Nilirudi mwezi mmoja kabla ya mvua. Treni iliingia stesheni ya Tabora mchana, imechelewa kama kawaida, na walikuwapo wote: baba, mjomba, wenzangu wa ofisini, mke wangu na mtoto mgongoni, binti yetu amevaa viatu. Yule mwalimu wa fizikia mkataba wake ulikuwa umekwisha na ameshaondoka na kabati lake la mninga. Sikupata kumshukuru, na hilo limebaki. Bibi alikuwa amepelekewa salamu Kwihara tangu asubuhi. Nilimpokea mwanangu, nikamtazama, akanitazama bila kuvutiwa. Tukaanza safari ya kurudi nyumbani kwa miguu, mizigo ikiwa kwenye baiskeli ya mmoja wa wenzangu.

Barabara ni tambarare, jua limewaka, hewa imejaa kifuani mpaka inamwagika. Nilitembea polepole, nikiwa nimezoea mwendo wa yule ofisa wa mwavuli, nikisimama kwenye kila mti tuliokutana nao. Tulipofika karibu na soko mke wangu alinigeukia.

"Tembea basi," akasema. "Chakula kinapoa."

Nikaongeza mwendo.